Enaiposha, Sayari ya Jua Jingine Yenye Jina la Kwetu

Iko sayari inayoitwa Enaiposha. Hailizunguki jua letu. Inaizunguka nyota ndogo nyekundu iitwayo Orkaria, iliyo umbali wa miaka ya nuru 48 kutoka hapa, na majina yote mawili yametoka Kenya. Mimi ni fundi wa madishi na antena za intaneti, mkazi wa Likoni. Riziki yangu iko juu ya mapaa, kuanzia Mtongwe hadi Shika Adabu, na nikivuka maji, Kisauni na Changamwe. Mwenye nyumba akinishikia ngazi, huwa namuuliza kama amewahi kusikia habari za Enaiposha. Olkaria ya mvuke kule Naivasha wanaijua, maana umeme unatoka huko. Enaiposha hawaijui, na hilo linaniuma, kwa sababu ni miongoni mwa sayari zilizochunguzwa sana kati ya zote zilizogunduliwa nje ya familia ya jua letu.

Majina hayo yalipatikana hivi. Mwaka 2022 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulitangaza shindano la kuzipa majina sayari 20 ambazo darubini ya anga ya James Webb ilipangiwa kuzitazama mapema. Kikundi kutoka Kenya kikapeleka maneno ya Kimaa. Enaiposha ni eneo kubwa la maji, ziwa au bahari, na Orkaria ni ngeu, ule udongo mwekundu wanaojipaka Wamaasai. Juni 2023 majina yakatangazwa. Kabla ya hapo nyota hiyo ilijulikana kwa namba ya daftari tu, GJ 1214, na sayari yake kwa namba hiyohiyo na herufi b mwishoni.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2019 kila nchi iliyojitokeza ilipewa nyota moja na sayari yake. Kenya ikapata nyota HD 83443, ikaiita Kalausi, na sayari yake ikaitwa Buru: kisulisuli na vumbi lake, kwa Kijaluo. Majirani zetu wa Ethiopia waliichukua kahawa yao wakaipandisha mbinguni. Nyota yao inaitwa Buna na sayari yake Abol, ile duru ya kwanza kati ya tatu za kunywa kahawa. Nilipolisoma hilo nilifurahi siku nzima.

Sasa, swali ninaloulizwa kila mara ni moja: nani aliyeziona? Jibu langu huwashangaza watu. Enaiposha haijaonwa na mtu yeyote. Haipo picha yake. Zile picha zinazosambazwa kwenye simu, zenye duara la buluu, mawingu meupe na jua jekundu pembeni, ni michoro ya wasanii. Ni michoro mizuri, lakini napenda watu wajue kwamba ni michoro, kwa kuwa kitu chenyewe kilichopatikana ni kizuri zaidi. Ni mstari kwenye grafu, unaokwenda sawa, kisha unazama kidogo, kisha unarudi pale ulipokuwa.

Mstari wa namna hiyo naujua. Niliwahi kumfungia mfanyabiashara mmoja wa Likoni intaneti kwa antena mbili zinazotazamana kuvuka mkono wa bahari: moja juu ya paa lake, nyingine juu ya jengo upande wa Kizingo, kisiwani. Kila kitu kikawa sawa, ila alinipigia simu akilalamika kwamba mtandao unakatika dakika chache, unarudi, halafu unakatika tena saa zisizojulikana. Nikapanda na kifaa cha kupimia sinyali nikaketi nacho pale juu. Mstari ulikuwa umenyooka. Mara ukaanza kushuka. Nikainua macho: meli ya makontena ilikuwa inaingia Kilindini, feri zimesimama kuipisha, na makontena yake yamerundikwa hadi yakaziba njia kati ya antena na antena. Ilipopita, sinyali ikapanda. Nilisogeza mlingoti, shida ikaisha, lakini kabla ya kufanya hivyo niliangalia meli kadhaa zikipita, na nikagundua kwamba bila kuinua macho ningeweza kueleza mengi juu yake. Jahazi halikutikisa mstari hata kidogo. Meli iliyobeba shehena kubwa ilichimba shimo refu. Iliyokwenda pole ilichimba shimo pana. Na meli iliyofunga gati bila kukatiza kati ya antena zangu, hata ingekuwa kubwa namna gani, kwangu mimi haikuwapo.

Enaiposha iligunduliwa vivyo hivyo. Mwaka 2009 kikundi cha wanaastronomia kilichoongozwa na David Charbonneau wa Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa kimesimamisha darubini nane ndogo kwenye mlima mmoja huko Arizona, Marekani. Kila moja ilikuwa na kioo cha upana wa sentimita 40 tu, ukubwa ambao mtu mwenye uwezo wake anaweza kununua akaweka uani. Kazi yao ilikuwa kupima mwanga wa nyota ndogo nyekundu, moja baada ya nyingine, usiku baada ya usiku. Mwanga wa nyota GJ 1214 ulionekana kupungua kwa kiasi cha asilimia moja na nusu hivi, ukakaa chini kwa dakika 52, kisha ukarudi. Baada ya saa 38 ukapungua tena. Baada ya saa 38 nyingine, tena. Hapo hakuna bahati mbaya. Kitu kinachorudi kila baada ya muda uleule kinazunguka.

Kutokana na kina cha shimo hilo ukubwa wa sayari ukajulikana: kipenyo chake ni karibu mara 2.7 ya kile cha Dunia. Kutokana na muda wa kurudi, umbali wake na nyota ukajulikana: kilomita milioni mbili na kidogo, ilhali sisi tuko kilomita milioni 150 kutoka kwenye jua letu. Mwaka wa huko ni hizo saa 38. Mtoto akizaliwa Ijumaa adhuhuri, usiku wa kuamkia Jumapili, saa nane, anatimiza mwaka. Na kwa kuwa nyota inayozungukwa kwa karibu kiasi hicho huvutwa na sayari yake ikayumba kidogo, wakapima kule kuyumba, wakapata uzito: mara nane na kidogo ya Dunia.

Ukishakuwa na ukubwa na uzito, unaweza kugawanya kimoja kwa kingine, na hapo ndipo mambo yalipowachangamsha watu. Dunia yetu, kwa wastani, ni nzito mara tano na nusu kuliko maji ya ujazo uleule. Enaiposha ni nzito mara mbili na kidogo tu. Haiwezi kuwa mwamba mtupu, ingekuwa nzito zaidi. Haiwezi kuwa gesi tupu kama Mshtarii, ingekuwa nyepesi zaidi. Wengi wakafikiria maji, sayari nzima iliyofunikwa na maji mengi mno chini ya anga la mvuke. Kwenye familia ya jua letu hakuna sayari ya ukubwa huo. Baada ya Dunia, inayofuata kwa ukubwa ni Neptuni, ambayo kipenyo chake ni karibu mara nne ya chetu, na katikati hakuna kitu. Lakini huko nje, sayari za ukubwa wa katikati kama Enaiposha ni za kawaida kabisa, miongoni mwa zile zinazopatikana kwa wingi zaidi. Sisi ndio tuliokosa. Jambo hilo huwa nalifikiria mara nyingi kuliko lingine lolote katika habari hizi.

Ili kujua kuna nini huko, ilibidi kusoma angahewa yake. Sayari inapopita mbele ya nyota, mwanga kidogo wa nyota hupenya kwenye ukingo wa hewa yake kabla ya kutufikia, na kila gesi ina masafa yake inayoyameza. Mvuke wa maji una yake, methani ina yake, kaboni dayoksaidi ina yake. Pima masafa yaliyopungua, utaijua gesi. Mwaka 2014 wanaastronomia wakiongozwa na Laura Kreidberg walichapisha vipimo vya darubini ya Hubble, iliyoitazama Enaiposha ikipita tena na tena. Matokeo yalikuwa bapa. Hakuna masafa yaliyopungua kuliko mengine. Maana yake ni kwamba juu kabisa ya sayari hiyo kuna mawingu au ukungu mzito unaozuia mwanga wote kwa pamoja, na kilicho chini yake hakionekani.

Ikabidi kuisubiri Webb, na hapa naomba msomaji wa Pwani atege sikio. Darubini hiyo, yenye kioo cha upana wa mita sita na nusu, ilirushwa kutoka Guiana ya Kifaransa, Amerika ya Kusini, siku ya Krismasi 2021, saa tisa na dakika ishirini alasiri kwa saa zetu. Roketi iliielekeza mashariki, ikavuka Atlantiki, ikavuka Afrika. Dakika 27 hivi baada ya kuruka, darubini iliachana na roketi juu ya upande huu wetu wa dunia. Ile video maarufu inayoionyesha ikienda zake ina pembe ya Somalia na Ghuba ya Aden kwa nyuma. Miongoni mwa vituo vilivyokuwa vikiifuatilia wakati huo ni cha Malindi, kile cha Waitaliano kule Ngomeni kinachoitwa Luigi Broglio. Ukitoka Kisauni ukashika barabara ya Malindi, ukapita Mtwapa na Kilifi, hata nusu siku haiishi umefika.

Kituo hicho kina historia yake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, roketi iliruka kutoka kwenye jukwaa la San Marco baharini karibu na Ngomeni ikiwa imebeba satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Satelaiti hiyo ikaitwa Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo. Malindi ilichaguliwa kwa sababu ya ikweta: dunia huzunguka kwa kasi zaidi huku, na roketi huchukua kasi hiyo bure. Wazee wa Ngomeni wanajua habari hizo. Vijana wetu wa Likoni na Changamwe wangepaswa kuzisoma shuleni kwa undani, si kwa mstari mmoja.

Julai 2022 Webb iligeuzwa kuielekea Orkaria na ikakaa hapo karibu saa 40 mfululizo, zaidi ya mwaka mzima wa Enaiposha. Mwanga ilioupokea ulikuwa umetoka huko katikati ya miaka ya sabini, Mzee Jomo Kenyatta akiwa bado rais. Safari hii hawakutegemea kile kipindi cha kupita mbele peke yake. Kifaa kimoja cha Webb hupima joto, na sayari yenyewe hutoa joto. Inaaminika kwamba Enaiposha huielekezea nyota yake uso mmoja daima, kwa hiyo upande mmoja ni mchana wa milele na mwingine usiku wa milele. Ikizunguka, kwetu huonekana mara upande wa moto, mara upande wa baridi, na jumla ya joto hupanda na kushuka taratibu. Eliza Kempton wa Chuo Kikuu cha Maryland na wenzake walichapisha matokeo Mei 2023: upande wa mchana nyuzi 279 za selsiasi, upande wa usiku nyuzi 165.

Nyuzi 165 kwenye giza la daima! Hakuna bahari ya kuogelea huko. Lakini tofauti hiyo ya nyuzi zaidi ya mia moja ina habari ndani yake. Kama hewa ya Enaiposha ingekuwa haidrojeni tupu, joto lingesambazwa vizuri zaidi kati ya mchana na usiku. Kwa hiyo ina gesi nzito zaidi, labda mvuke wa maji, labda methani. Halafu sayari yote ni baridi kuliko ilivyotarajiwa kwa umbali ule, ishara kwamba ukungu wake unang'aa na unarudisha mwanga mwingi. Mwaka 2025 watafiti wengine, wakitumia vipimo vya Webb pia, walieleza kwamba wameona dalili hafifu sana za kaboni dayoksaidi, wakaifananisha Enaiposha na Zuhura, ile sayari jirani yetu yenye hewa nzito na joto kali. Dalili hafifu ni dalili hafifu. Bado watu wanabishana kama chini ya ukungu kuna maji mengi, na mimi natamani yawepo, lakini matamanio yangu hayahesabiki kama kipimo.

Buru, ile sayari ya Kalausi, ilipatikana kwa njia ya pili, ile ya kuyumba. Ndiyo njia iliyofungua mlango huu wote. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva walitangaza sayari inayoizunguka nyota 51 Pegasi, ya kwanza kupatikana kwenye nyota inayofanana na jua, na mwaka 2019 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Sayari inapoizunguka nyota, nayo nyota huvutwa huku na huku. Ikitujia, masafa ya mwanga wake hupanda kidogo, ikituacha, hushuka. Kalausi husogea hivyo kwa zaidi ya mita 50 kwa sekunde, ikijirudia kila siku tatu kasoro dakika 20 hivi. Huo ndio mwaka wa Buru. Ni jitu la gesi lenye uzito usiopungua asilimia 40 ya Mshtarii, limejibana karibu na nyota yake, umbali wa miaka ya nuru 133 hivi kutoka kwetu.

Kikundi hichohicho cha Geneva, kilichoitangaza Buru mwaka 2000, kilitangaza pia sayari ya pili kwenye nyota ileile. Wamarekani wakaipima nyota kwa vyombo vyao, wakaona ya kwanza, ya pili hawakuiona, wakachapisha hivyo mwaka 2002. Sayari ile ya pili ikafutwa kwenye orodha. Mimi huwasimulia watu kisa hiki kila wanaponiuliza tunajuaje kama hawa wataalamu hawatudanganyi. Orodha ya sayari zilizothibitishwa ilivuka 6,000 mwezi Septemba 2025, na kila moja imepita kwenye mikono ya watu waliokuwa tayari kuifuta.

Anayetaka kuangalia mahali zilipo, anaweza. Kalausi iko kwenye kundinyota linaloitwa Tanga, lililokuwa zamani sehemu ya kundi kubwa la Jahazi. Kwa macho haionekani, kwa darubini ya mkono ya mabaharia inaonekana kama nukta, mradi ukae mahali penye giza. Likoni taa za bandari zinatuharibia anga ya kaskazini, lakini kusini kuna nafuu, na Tanga liko kusini. Machi na Aprili, baada ya isha, kabla mvua za masika hazijashika, ndio wakati wake. Orkaria ni hafifu mno kwa darubini ya mkono, ila mahali pake panajulikana: kaskazini ya Nge, na sisi wa Mombasa hutupitia karibu na utosi. Katikati ya Juni hufika juu usiku wa manane, Agosti hufika mapema, kama saa mbili za usiku. Watu wa Ulaya huiona imeinama. Sisi tumewekewa juu ya paa.

Na kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Vipimo vya darubini nyingi za anga vimewekwa wazi kwenye intaneti, bila malipo. Darubini ya Kepler, iliyorushwa mwaka 2009, ilitazama nyota zaidi ya 150,000 kwa miaka minne, ikipima mwanga wa kila nyota kila nusu saa hivi, na vipimo vyote viko pale. Kijana mmoja wa Kisauni anayesoma uhandisi huja kunisaidia kazi wakati wa likizo. Nilimwambia habari hizi tukiwa juu ya paa Mtopanga, akadhani natania. Wiki hiyohiyo alipakua vipimo vya nyota ya TrES-2, ambayo sayari yake ni kubwa kidogo kuliko Mshtarii na hurudisha chini ya asilimia moja ya mwanga unaoipiga, ndiyo ya giza kuliko nyingi tunazozijua. Akaandika programu fupi, akachora grafu kwenye kompyuta yake ya mkononi, akaniita.

"Mjomba, tazama hapa," akaniambia. "Si ndiyo hii?"

Ilikuwa ndiyo. Mstari umenyooka, shimo. Mstari umenyooka, shimo. Kila siku mbili na nusu hivi, na yote yana kina kimoja. Akapima kina kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta, akachukua karatasi, akatafuta kipeuo cha pili, akapata kwamba upana wa sayari ni kama sehemu moja ya nane ya upana wa nyota yake, jibu lilelile lililoko vitabuni. Sasa ameanza kupakua vipimo vya nyota nyingine, zile ambazo mashine zimezipita bila kuona kitu, na ameniomba nimwachie modemu ya ofisini kwangu usiku, kwa kuwa vipimo ni vingi na bando lake la simu halitoshi. Nimemwachia.